Ng'ombe Kumi wa Mzee Paschal Maige

Baba Paroko, viongozi wa serikali, wazee, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja Kasoli kulia pamoja nasi, familia inaomba mtulie kidogo muisikie safari ya mzee wetu Paschal Maige, na imetaka isomwe yote bila kufichaficha, kwa sababu mwenyewe hakupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Marehemu alizaliwa hapa Kasoli tarehe 4 Mei 1951, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Maige Mashimba, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, ambako alisifika kwa kuanzisha nyimbo kuliko kwa hesabu. Mwaka 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi, akawa mwangalizi wa mashine hadi 1994 aliporudi nyumbani kulima pamba na mahindi na kuchunga ng'ombe wake, ambao aliwajua mmoja mmoja kwa tabia.

Tarehe 24 Juni 1978 alifunga ndoa na mama yetu Eufrasia kutoka Nyalikungu, Maswa, wakajaliwa watoto watatu, Veronica aliyezaliwa 1980, Apolonia wa 1983 na Josia wa 1991, na hapa lazima tusimame kidogo, maana bila habari ya Veronica hamtaelewa yanayofuata.

Wengi wenu mnajua kwamba ujanani marehemu alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa waimbaji wa ngoma upande wa Bagalu, na mpinzani wake upande wa Bagika alikuwa mzee Januarius Mahona wa Mwamapalala, ambaye tunaye leo, amekaa pale mbele na kofia yake magotini. Kwa wageni wetu, baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwenye uwanja mmoja, kila ningi akimchamba mwenzake, na watu hukimbilia upande unaowakuna, kwa hiyo ningi asiyezijua nyimbo za mpinzani wake neno kwa neno hana la kujibu, na hawa wawili walijuana nyimbo kuliko walivyojuana sura.

Veronica alifariki kwa malaria Ijumaa, tarehe 8 Julai 1988, akiwa na miaka minane, akazikwa kesho yake hapa nyumbani, na saa ileile mzee Januarius, ambaye habari za msiba hazikuwa zimemfikia, alikuwa uwanjani akiimba kwamba Ng'wana Maige, yaani marehemu, kajificha jikoni kwa mkewe kwa kuuogopa uwanja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, mtu mmoja akaurekodi wimbo ule kwenye kaseti, na hadi leo unauzwa kwenye kadi za simu pamoja na nyimbo nyingine za Kisukuma. Julai ya mwaka 1989 marehemu aliingia uwanjani mara moja tu, akaimba wimbo aliomtungia mwanaye, mzee Januarius akashindwa kuujibu, akaondoka ameinamisha kichwa, na tangu siku hiyo marehemu hakuimba tena popote, hata kanisani alisimama mdomo umefungwa. Watu wazima wawili walikaa miaka thelathini na mitano bila hata kuamkiana, na hilo tunalisema kwa uchungu.

Tarehe 12 Machi 2024 utumbo wa marehemu ulijisokota, akapasuliwa siku hiyohiyo katika hospitali moja mjini Bariadi, na upasuaji ukaenda salama, ila maumivu yakakataa kuondoka. Dawa kali za maumivu zilikuwa zinampunguzia pumzi, madaktari wakalazimika kuzipunguza, na kila alipotaka kukohoa kidonda kilimkata, akawa anapumua juujuu, huku daktari akimwambia dada yetu Apolonia waziwazi kwamba mzee asipovuta pumzi ndefu mapafu yatajaa, na yakijaa tutampoteza ndani ya siku chache.

Nesi Nancy, aliyemhudumia wodini, alimwomba ataje maumivu yake kwa namba, sifuri hadi kumi, na mzee, akimwita mama kwa Kisukuma, akamjibu kwa shida, "Mayu, ni ng'ombe kumi, na wengine wako njiani," na kuanzia hapo wodi nzima ikahesabu kwa ng'ombe. Nancy ndiye aliyemweleza Apolonia kwamba muziki, ingawa hauchukui nafasi ya dawa, humtuliza mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, hulegeza mwili na kuiongoza pumzi, mradi uwe muziki ulio moyoni mwake, akampa na hedifoni zake mwenyewe. Walimwekea kwaya, ng'ombe wakabaki kumi, wakamwekea kinanda, wakabaki kumi.

Siku ya tatu Apolonia alimwagiza mwanaye Dastan, kijana wa mjini ambaye kwake nyimbo zote za Kisukuma ni kitu kimoja, atafute za ngoma, naye akaleta za Bagika, na kwa bahati mbaya wa kwanza kusikika ukawa ule wa mwaka 1988. Apolonia alimwona baba yake akifumba macho, kisha akiyafumbua kwa hofu kama mtu aliyesikia moto, akazing'oa hedifoni, akajaribu kuinuka, presha ikapanda, damu ikachuruzika kwenye bandeji, na manesi watatu wakamshika huku akisema neno moja tu, "Veronica." Dastan alilia kwenye korido, na Apolonia, ambaye alikuwa na miaka mitano dada yake alipozikwa, ndipo alipoelewa ni wimbo gani pekee ulio moyoni mwa baba yake, na kwamba hakuna nyumbani aliyeujua.

Asubuhi iliyofuata pumzi ilikuwa fupi zaidi na homa imeanza, Apolonia akapanda bodaboda hadi Mwamapalala, akapiga magoti mbele ya mzee Januarius, akamwambia, "Baba, sikuja kuomba mpatane, nimekuja kuuomba wimbo wa dada yangu, kwa maana wewe uliujifunza ili uujibu." Mzee aliingia ndani, akatoka na koti, akasema, "Niliimba siku ya msiba wa mtoto, mayu, na sijawahi kupata mlango wa kupitia."

Waliingia wodini saa nane mchana, na wagonjwa waliowafahamu wazee hao wakajiinua vitandani kutazama. Mzee Januarius alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, Ng'wana Maige," marehemu akageuzia uso ukutani, mashine ya presha ikaanza kulia, na Nancy akasogea kumtoa mgeni nje, lakini Apolonia akamzuia, asijue kama anamponya baba yake au anammaliza. Ndipo mzee Januarius akaanza kuimba taratibu, kwa sauti ya chini, mstari wa kwanza, wa pili, na alipofika wa tatu akaimba kwamba mtoto amelala upande wa magharibi wa kaya.

Marehemu aligeuka, akavuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta kwa siku nne, akasema, "Mashariki!" na kwa sababu kusema hakukutosha, akauimba mstari wenyewe ulivyotungwa, akakohoa kwa nguvu, akashika tumbo, akauimba tena, na mwenzake akampokea. Waliimba robo saa, mmoja akilia, mwingine akijifanya hatazami, na Nancy alipouliza, marehemu akafikiri kidogo akasema wamebaki wanne, na mmoja wao ni ndama. Waliimba kila siku kwa wiki mbili, dawa zikapunguzwa, homa ikashuka, na tarehe 30 Machi 2024 alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Mungu alimwongezea mwaka mmoja na miezi mitano, ambayo aliitumia kuimba kanisani kwa sauti iliyowafunika wanakwaya, na kumpokea mzee Januarius kila Jumapili, wakigombana kuhusu nyimbo mpaka chai inapoa. Mwezi Julai mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, akatibiwa na kuruhusiwa, na Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa kumi na moja jioni, akafariki hapa nyumbani mikononi mwa Apolonia, akiwa na miaka sabini na minne, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliompasua, kumuuguza na kutuvumilia, kipekee nesi Nancy aliyekuja leo na sare yake, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani. Mzee Januarius Mahona, wewe huna shukrani ya kukutosha, wabeja sana.

Juzi kwenye matanga mzee huyu alimwambia Apolonia jambo alilolificha, kwamba siku ile wodini hakusahau, alikosea makusudi, kwa kuwa alijua hakuna ningi anayevumilia wimbo wake uharibiwe, na akaomba ruhusa ya kuuimba leo kaburini, akikosea palepale. Familia imekubali. Baba, tunakulaza kando ya Veronica, upande wa mashariki wa kaya, na mzee Januarius atakapoimba magharibi sote tutanyamaza kukungojea, na tusipokusikia tutajua kwamba zizi la maumivu yako limebaki tupu kabisa, na kwamba sasa umepumzika, baba yetu, na amani ni yako.