Obitre Amandu, Aliyesema Jongoo Alifika Kwanza

Wazee wa ukoo, wakwe zetu wa Kuluba, walimu, majirani na nyote mliokaa nasi matangani, maneno haya nimeyaandika mimi Mindra, mama wa marehemu, na nimempa shemeji yangu Soka ayasome kwa niaba ya familia kwa kuwa sauti yake inafika mbali, na nimemwomba asiruke mstari hata pale anapotajwa yeye.

Marehemu Obitre Amandu alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Ayivu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mume wangu, mzee Amandu, na wa kwanza kuishi. Alikuwa mtoto kama wengine, ila tulipokwenda kupalilia mihogo alibaki nyuma, kwa sababu kila jongoo aliyekutana naye alimgusa ajikunje, kisha akachuchumaa kungoja ajikunjue, nami nikisimama na jembe nikimwita, maana palizi haimsubiri jongoo.

Alisoma shule ya msingi hapa Ayivu kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, sekondari mjini Arua kuanzia 2005 hadi 2010, akaenda chuo cha ualimu, akamaliza mwaka 2012, na mwezi wa Februari 2013 akaanza kufundisha sayansi katika shule ya msingi huko Kuluba, wilaya ya Koboko, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomzuia. Huko ndiko alikowashonesha wanafunzi jongoo wa magunia, aliyejazwa majani makavu, mrefu kuliko kitanda na mpana kama mlango mwembamba, wakambeba vichwani siku ya soko mjini Koboko, akina mama wa mboga wakakimbia, na Obitre akawaeleza kwamba zamani sana, kabla ya mtu na kabla ya ng'ombe, walikuwepo jongoo wa ukubwa huo, na kereng'ende wenye mabawa mapana kama ya kipanga. Nilimuuliza nani aliwaona, akasema hakuna, kwa sababu mtu alikuwa bado, nikamuuliza basi nani aliwapima, akasema waliacha alama ndani ya mawe, na mawe hayo yako nchi za mbali. Sikuelewa siku hiyo, na leo bado sielewi vizuri.

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na Stella Kiden nyumbani kwao Kuluba, wakapata watoto wawili, Phiona aliyezaliwa mwaka 2016 na Draku aliyezaliwa mwaka 2019, ambao wako hapa mbele yenu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupapita haraka, lakini siwezi, kwa sababu ndipo ilipoanzia shida ya kaburi. Tarehe 20 Agosti 2019 wazee walikaa kusikiliza kesi ya mpaka kati ya ukoo wetu na ukoo wa jirani yetu mzee Aliga, na kama mnavyojua, katika kesi ya namna hii kila upande unataja babu aliyefika kwanza na kuonyesha kaburi lake. Shemeji Soka alimwita Obitre kutoka Kuluba aseme kwa upande wetu kwa kuwa amesoma, naye akasimama, akasalimu vizuri, akasema kwamba wa kwanza kutoka majini na kutembea juu ya ardhi walikuwa wadudu wa jamaa ya jongoo, kwamba sisi na wa Aliga wote tuliwakuta, na mgeni hamfukuzi mgeni mwenzake. Mzee Aliga akamuuliza, "Sasa hiyo jongoo yako iliacha kaburi wapi?" Watu wakacheka mpaka kikao kikavunjika, na kesi haijaisha hadi leo. Shemeji Soka akamwambia, "Kijana, kama ni hivyo, enda jongoo akupe shamba." Obitre akarudi Kuluba, na kwa muda wa miaka mitano hakulala hapa nyumbani. Wengine walisema aliutukana ukoo, wengine kwamba alihongwa na Aliga, na mimi sikujua nimtetee kwa maneno gani.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kuvimba miguu, ikaonekana ni figo, na mwezi wa Januari mwaka huu wa 2025 tukamleta hospitali mjini Arua. Nilimuuliza, kama mama anavyolazimika kuuliza, angependa kulala wapi, akajibu, "Mama, popote, lakini nisiwe shahidi wa kesi." Nilidhani homa ndiyo inasema. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari, na jioni yake nilikuta vigingi vya kaburi vimepigwa pale pale mpakani, na upande wa Aliga wametuma neno kwamba shimo likichimbwa hapo watalifukia. Hapo ndipo nilipomwelewa, angalau kwa hilo moja. Waliomfukuza kwa sababu ya jongoo sasa wanamtaka awe ndiye kaburi la kuonyesha.

Nimeving'oa vigingi mimi mwenyewe, na nimevitia jikoni, vimepikia chai mliyokunywa. Atalala nyuma ya jiko langu, mahali ambapo hakuna anayepabishania. Leo asubuhi vijana wa Soka walikuja na majembe, wa Aliga nao wakaja na yao, nikaogopa, lakini walichimba pamoja, na udongo ulipotoa jongoo mmoja aliyejikunja, mzee Aliga alimchukua kwa jani, akamweka pembeni. Sijui alimaanisha nini. Sijui pia ni nani alipiga jembe la kwanza, na naomba mtu asiulize.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Arua waliomhudumia, walimu wenzake na wanafunzi waliotoka Koboko wakiwa wamembeba yule jongoo wa magunia, ambaye tumemlaza kivulini kwa kuwa sikujua pengine pa kumweka, na majirani wa pande zote mbili kwa kuni, maji na unga wa mihogo.

Obitre mwanangu, wewe hukufika kwanza na hutakuwa wa mwisho, pumzika kwa amani mahali pasipo na kesi.