Unafanya Nini, Fundi Pindo?

Benchi letu liko nje ya karakana ya Cheche, mchomelea vyuma. Jumapili mashine zake hupumzika, sisi hatupumziki. Yupo Cheche mwenyewe. Yupo Takwimu, karani mstaafu anayejua kila jambo kwa asilimia. Yupo Bi Chungu, mwenye birika, anayeuza kahawa isiyo na sukari na majibu ya namna hiyohiyo. Na nipo mimi, fundi viatu, ambaye kazi yangu hapo ni kusikiliza na kukasirika. Jumapili hiyo Fundi Pindo, mshona nguo, alitufikia saa tatu asubuhi, kanuna vibaya. Saa hizo huwa anajiandaa kwenda kwa binti yake. Tangu binti aolewe, hiyo ndiyo siku pekee mzee huyu anamwona, na wiki nzima huwa anaisubiri kwa hamu.

Cheche: Vipi, kwa binti huendi?

Pindo: Siendi. Wiki iliyopita wamenicheka.

Bi Chungu: Nani kakucheka?

Pindo: Mkwe na rafiki zake wawili. Wana mchezo wao wa mezani, wa kuigiza hadithi. Nikaketishwa, nikapewa karatasi. Eti humo mimi si mimi, ni mtu mwingine, naishi zama za mapanga. Nguvu kumi na mbili. Wepesi nane. Haiba sita!

Takwimu: Sita kwa ngapi?

Pindo: Kwa ishirini.

Takwimu: Asilimia thelathini. Si mbaya kwa umri wako.

Pindo: Niache! Basi mkwe anasimulia: mko kwenye ukumbi wa mawe, giza, mbele kuna mlango wa chuma umefungwa, na nyuma yake mtu analia. Mara ananigeukia: “Baba, unafanya nini?”

Cheche: Ukasemaje?

Pindo: Ningesemaje? Nimeulizwa nafanya nini, nikajibu. Mimi fundi cherehani, huu mwaka wa thelathini na moja.

Nakiri kosa langu: kahawa ilinitokea puani. Cheche aliinama chini ya benchi akijifanya anatafuta msumari. Pindo akatukazia macho.

Pindo: Mnaona? Hivyohivyo! Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Mkwe gani anamwuliza baba mkwe kazi yake, wakati suti yake ya harusi nimeishona mimi?

Takwimu: Ngoja kwanza. Hiyo karatasi si mchezo. Nguvu, wepesi, hivyo ni vipimo. Wanakupima kama bado unajiweza.

Mimi: Ili iweje?

Takwimu: Wamhamishie kwao! Asilimia themanini ya wazee wanaohamishwa huanza kwa maswali mepesi. Akishahamia, cherehani inauzwa.

Mimi: Hiyo themanini umeitoa wapi?

Takwimu: Usinikate.

Cheche: Mimi naona makubwa zaidi. Mlango wa chuma, mtu analia ndani. Huyo mkwe kamfungia mtu kweli! Anatafuta fundi wa kumfungua bila majirani kujua.

Takwimu: Na siyo mtu mmoja. Kuna handaki zima, linapita chini ya soko mpaka...

Bi Chungu: Kunywa kahawa yako. Pindo, mchezo wenyewe mshindi ni nani?

Pindo: Hakuna. Unasema unachofanya, unarusha dadu, ikitoka namba kubwa umeweza. Mnaendelea.

Cheche: Hauna mshindi? Basi huo ni mkutano.

Bi Chungu: Mkwe alikuuliza utafanyaje na mlango, baba. Hakuuliza kazi yako.

Pindo: Nilielewa nikiwa njiani. Ningerudi na uso gani? Ila mwanangu nimemkumbuka, Bi Chungu. Nimemkumbuka sana.

Hapo Bi Chungu akamjazia kikombe bila kudai hela.

Cheche: Hivi bawaba za huo mlango zilikuwa nje au ndani?

Pindo: Hakusema.

Cheche: Ungemwuliza! Zikiwa nje nagonga pini, dakika mbili mlango uko chini.

Takwimu: Mlango kama huo una walinzi, wasikusikie? Mimi naingia na faili mkononi. Mwenye faili hasimamishwi na mtu.

Bi Chungu: Walinzi niachieni mimi. Nawapelekea kahawa, wanaanza kugombana kama nyinyi.

Mimi: Kwanza tuangalie nyayo. Soli zitatuambia wamepita wangapi.

Pindo: Kelele za nini zote hizo? Mtu analia, halafu unamwanza kwa nyundo! Mimi napitisha futi yangu ya kupimia chini ya mlango. Akiishika, atajua kuna mtu huku nje.

Cheche: Nani kasema huyu ana haiba sita?

Tulikuwa tukigombea nani atangulie mlangoni, wala hatukumwona mama aliyekuja kuulizia dirisha lake la chuma. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani.

Mama: Samahani. Huyo anayelia ni nani?

Tukatazamana. Mlango tumeshauvunja kwa njia tano, na swali hilo hakuna aliyelifikiria.

Pindo: Sijui. Sikungoja kuambiwa.

Akaivua kofia yake.

Pindo: Ila sauti ya kulia aliitoa mwanangu. Yeye ndiye aliyeigiza huyo wa ndani. Analia huku ananiangalia mimi, macho yanacheka. Nami nikainuka nikamwacha humohumo.

Bi Chungu: Wiki nzima?

Pindo: Wiki nzima, jamani.

Akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akavaa kofia, akashika njia ya kwa binti yake kwa ule mwendo wa mtu anayekimbia lakini hataki aonekane anakimbia. Alipokata kona tukabaki tumeduwaa, shingo zote upande mmoja.

Mama: Na dirisha langu je?

Cheche hakugeuka hata kidogo.

Cheche: Keti kwanza, mama. Kuna mtu kafungiwa.