Vifaru vya Babu Nilivyovipanga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliovuka milima kutoka Al Amerat kuja kumsifu Ijumaa hii, asifiwe mara ya pili!

Mimi naitwa Harriet, natoka Uganda, nafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja hapa ugenini, Ghubra. Kabla Mungu hajanigusa nilikuwa na jibu moja tu: "Sijui." Glasi imevunjika? Sijui. Wengi wenu mnalijua jibu hilo, msinicheke!

Baba mkwe wa madamu ni mzee wa Kizanzibari, tunamwita Babu. Ni fundi mstaafu, na chumbani kwake ana meza ya vifaru vidogo vya plastiki, vile vya vita. Nilikuwa nikivifuta vumbi huku nikijiuliza, mzee mzima, vya nini? Tena vilikuwa vya ajabu! Kimoja cha kijani kilikuwa na kichwa, pale panapokaa mzinga, cha kijivu. Kingine hakikuwa na kichwa, kimefungiwa mzinga kwa waya. Basi siku moja nikaona nimsaidie. Nikavua vichwa vyote, nikarudisha kila kimoja kwenye rangi yake, kama mtu anayezitafutia sufuria mifuniko. Vikapendeza kweli!

Babu alipoona, aliita nyumba nzima. "Nani kagusa?" Nikasema sijui.

Ndugu zangu, kwa kuwa hakuna aliyekiri, Babu akaamini ni yeye mwenyewe aliyevipanga akasahau. Akaacha kuingia chumba kile. Akawa anauliza kama ameshaswali, kama ameshakula. Nikamsikia madamu akimwambia mumewe kwamba Babu anyang'anywe funguo za gari.

Nikalia jikoni. Niliogopa kurudishwa kwetu, lakini nikamwambia Yesu, "Nipe mdomo!" Na alinipa! Nikaenda sebuleni nikapiga magoti. "Babu, ni mimi. Vichwa nilivibadilisha mimi."

Akasema, "Alhamdulillahi! Kumbe akili zangu nnazo!" Akacheka mpaka machozi, kisha akanigombeza sana, na kwa haki.

Tulivirudisha pamoja. Nikamuuliza, mbona vina viraka hivi? Akasema ndivyo kilivyokuwa kikosi chenyewe anachokiiga: wiki za mwisho za vita vikuu vya pili, Wajerumani wameishiwa, wakaokota mabovu ya gereji na vifaru vya shule ya mafunzo, wakaunga hiki na kile, wakaingia navyo vitani.

"Walishinda, Babu?"

"Wapi! Vita vishawashinda kitambo, ila hapana aliyethubutu kusema."

Neno lile lilinichoma! Mimi pia nilikuwa naunga uongo kwa uongo, na mzee wa watu ndiye aliyeumia.

Namshukuru Mungu aliyenitoa huko! Ndugu yangu, kama kuna neno umelificha kwenye nyumba unayofanyia kazi, mwamini Yesu, ukaliseme. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakurudisha kwenu. Najua tu moyo wangu ulivyopumzika.

Siku hizi kitu kikipotea, Babu ananiita: "Harriet, mimi au wewe?" Juzi ilikuwa miwani. Nikamwambia, "Ni wewe, Babu." Akaniamini. Amina!