Mama Esteria Anaondoka Mapema kwa ajili ya Beatrisi

Baada ya miaka ishirini na saba jikoni mwa hospitali yetu, Mama Esteria anastaafu tarehe 30 Juni 1996. Umri wa lazima haujafika. Ameomba mwenyewe.

Mzaliwa huyu wa Kifanya alianza kwa kuosha masufuria, akapanda hadi mpishi mkuu. Enzi zile mafuta ya kula yalipokuwa ya foleni, alituungia maharage kwa karanga na hakuna aliyenuna. Madaktari walimwogopa: aliyethubutu kuonja mboga kwa mwiko wake alitimuliwa na koti lake jeupe. Jamani, tulicheka mle jikoni!

Kisha mwanawe Festo, mtoto wa mbio, akaanza kujikwaa. Akasahau kusoma, mwisho hata kumeza kukamshinda. Daktari bingwa aliyetutembelea alisema ni mafuta yanayojaa kwenye ubongo. Basi Esteria akashuka sokoni Makambako, akamfokea Bashiru muuza mafuta kwamba madumu yake ya soko huria yanamwua mtoto. Bashiru akaapa kuwa wanawe wanayala hayo hayo na wanapanda miti. Hakusikilizwa. Nyumbani mafuta yakapigwa marufuku, Festo akazidi kukonda bure.

Ikabidi daktari aeleze upya, taratibu. Mafuta yale mwili unayatengeneza wenyewe. Festo alirithi kasoro kwa baba na kwa mama, wote wazima wa afya, na mwili wake ukashindwa kuyavunja. Chembe zinazolinda na kufagia ubongo ziliyameza, zikavimbiwa, zikageuka kuumiza neva zilizopaswa kulindwa nazo. Dawa hakuna. Esteria akaenda kumwomba Bashiru radhi, na Festo alipofariki, Bashiru alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Sasa Beatrisi, mdogo wake Festo, naye anajikwaa, na watu wameanza kumpotea kichwani. Mama anataka kushinda naye wakati bado anamwita mama. Inauma, na sitapamba maneno.

Tulipanga sherehe ukumbini, akakataa katakata. Ameomba Jumamosi twende kwake Lyamkena, tumsalimie binti angali anatutambua.

Mama Esteria, asante kwa kila sahani. Tunakuombea afya na nguvu za mikono, na Beatrisi akuite mama kwa muda mrefu kuliko alivyosema daktari.

Wafanyakazi wenzangu, njooni mapema. Ukimshika mkono Beatrisi, mtajie jina lako, hata kama amekujua tangu azaliwe.