Bibi ya Espoir Analia Nini

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Kasongo, pale pikipiki zinapongojea abiria. Ninachemsha kahawa hapo kila asubuhi, mtoto wangu wa nne mgongoni, na ninasikia yote hata nisipotaka. Siku hiyo Espoir, mchimbaji wa dhahabu aliyerudi kutoka Salamabila bibi yake alipojifungua, alikuja kutafuta pikipiki. Alitaka bibi huyo, Falone, arudishwe kwao Kabambare, mtoto abaki kwa shangazi. Pitchou, dereva wa pikipiki tunayemwita Bila-Fren kwa kuwa hashiki breki, alikuwa tayari. Lakini kahawa kwanza.

— Analia tu, Espoir alisema. Mutoto akilia, yeye anaangalia ukuta. Usiku halali, muchana halali.

— Ile ni hewa ya shimo, alijibu Josué, muuza vidonge wa sokoni tunayemwita Dokta. Ulitoka kwenye dhahabu, ukaingia nyumbani bila kuoga.

— Nilioga.

— Na viatu?

— Wacha viatu, Bila-Fren alisema. Alikunywa maji baridi alipomaliza kuzaa. Maji ilikosa njia ya chini, ikapanda, sasa inatokea macho.

— Kweli, Dokta alisema. Damu nzito kuliko maji. Damu ilibakia, maji ikatoka. Tena muchelea mwana kulia hulia yeye. Alipashwa kumuchapa mutoto kidogo.

— Iko na mwezi mumoja, Dokta, Espoir alisema.

— Basi amechelewa.

Nilisema pengine bibi huyo ni mgonjwa.

— Mugonjwa gani bila homa, mama? Dokta aliniuliza.

Hapo Falone mwenyewe akatokea, mtoto mgongoni. Bila-Fren akaficha ufunguo wa pikipiki mfukoni.

— Karibu kahawa, shemeji.

— Natoka materinite, Falone alisema. Mama Julienne, muzalishaji wa kule, anasema hii ni ugonjwa. Inapata wamama wengi wakimaliza kuzaa, na inapona. Nirudi kwake kila juma tuongee, na weye Espoir uje. Tena nipate kulala.

Espoir alimtazama.

— Kwa hiyo haumuchukii mutoto?

— Nilizania namuchukia. Ndiyo ile nilikuwa nalilia.

Espoir akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Falone akawageukia wote waliokaa kwenye ubao.

— Wote mulikuja nyumbani. Mulileta sabuni ya mutoto, mukamubeba, mukasema amefanana baba yake. Nani aliniuliza kama miye niko namna gani?

Dokta akaangalia ndani ya kikombe chake. Bila-Fren akakohoa. Mimi pia nilikuwa nimepeleka sabuni.

Espoir akafungua fundo la kitenge, akamchukua mtoto. Alimshika vibaya, nikamwonyesha pa kuweka kichwa. Falone akakaa pale mume wake alipokuwa amekaa, akaegemea nguzo. Kabla sijammiminia kahawa alikuwa amelala, mdomo wazi.

Mtoto akaanza kulia. Dokta akainuka ili amwamshe mama yake.

— Kaa, Espoir alimwambia, akaenda kumzungusha mtoto kati ya pikipiki.