Nilisema Nimeanguka Kisimani

Jamani wanakikoba wenzangu, mwenyekiti kaniomba nisimulie nilivyosimama tena. Kusimama kwenyewe mnakuona: gongo mkononi, mguu mmoja mfupi. Nimekubali kwa sababu nyie wote mlinipa pole ya kuanguka kisimani. Ndugu zangu, nawaambia leo, kisimani sikuanguka. Niligongwa na gari, na aliyenigonga ni wifi yangu.

Msigeuke kumwangalia! Tulieni kwanza.

Wifi alikuwa anajifunza kuendesha. Mume wake kakaa pembeni yake, vibandiko vya L viko mbele na nyuma, leseni ya kujifunzia anayo, bima ya gari bado iko hai. Mimi natoka shamba, hapa hapa Misunkumilo, jembe begani. Nikampungia mkono, na yeye akatoa mkono kwenye usukani akanipungia. Gari likaacha barabara, na badala ya breki akakanyaga mafuta. Mama yangu! Mlio wa mfupa nauota mpaka leo.

Watu wakataka kuita trafiki. Mama mkwe akaja mbio analia, "Mwanangu, tupelekane polisi ndugu kwa ndugu? Watamweka ndani huyu, na watoto wake bado wadogo." Na mimi, nimelala pale vumbi mdomoni, nikasema acheni, tutayamaliza nyumbani. Nilisema mwenyewe, hakuna aliyenishikia panga.

Sasa mnajua hospitali mtu wa ajali ya gari anaulizwa PF3, ile karatasi ya polisi. Kwa hiyo njiani tukapanga maneno. Daktari akauliza, "Mama, umefanyaje?" Nikajibu nimeanguka kisimani. Akaniangalia kidogo, akaandika.

Mfupa ukagoma kuunga. Kidonda kikaoza, nikapasuliwa, nikarudiwa kupasuliwa. Ukoo mzima ukachoka, na mimi nikaona wamechoka. Ndipo mume wa wifi akakumbuka bima, akaenda kuuliza mjini. Wakamwambia mwenye kujifunza siyo tatizo, ilimradi ana leseni yake na dereva kamili yuko pembeni. Bima ingemhudumia majeruhi. Ila taarifa ya polisi iko wapi? Na mbona hospitali wameandika kisima?

Ingemhudumia! Niliposikia hivyo, mama zangu, niligeukia ukuta. Chakula nikakataa. Nikamuuliza Mungu anachelewa nini kunichukua. Wifi akileta uji namfukuza, tena kwa maneno ambayo hapa mbele ya watu siyarudii.

Siku moja akaja mikono mitupu. "Wifi, natoka polisi. Nimewaambia ni mimi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeshindwa kuwasikia watu wanakupa pole ya kisima, na wewe unaitikia."

Nililia kama mtoto. Jioni ile nikaomba uji mwenyewe.

Sasa msipige vigelegele, bima haijalipa. Polisi walimfokea kwa kuchelewa, na kesi yake inatajwa na kuahirishwa. Wa bima wanasema gari lilishaondolewa pale, hakuna cha kupima tena, njoo wiki ijayo. Sidhani kama watalipa. Mpunga wangu kule shamba la Kibaoni siwezi tena kuuinamia, na daktari kasema mguu ndio umeishia hapo. Kuna asubuhi naamka natamani nisingeamka. Lakini uongo nimeutua, na kifo sikiombi tena. Kwangu mimi huko ndiko kusimama.

Asanteni nyie mlionilimia bila kuitwa. Asante mama mkwe, unayenikanda mguu huu kila jioni na huwezi kunitazama usoni. Nitazame tu, mama. Wifi, kwako asante bado inanitoka kwa shida, ila inatoka.

Na nyie mnaofundisha watoto na wake zenu kuendesha, nisikilizeni. Bima mmekata kwa ajili ya siku ile ile mnayotaka kuificha. Hata kama aliyekugonga umemzaa mwenyewe, ita trafiki, gari lisisogezwe, hospitali sema kweli. Huruma utamwonea baadaye, ukiwa na miguu miwili.

Haya, midomo izoee. Semeni wote: nimegongwa na gari! Kwa sauti, hamjala? Tena!

Wifi, wewe usiitikie hilo. Simama hapo nyuma, uwaambie la kwako.