Cha Zamani Kibaki Mezani

Gabrovo, 28 Juni 2019
Kwa heshima ya Velko Karadimov

Leo Mzee Velko Karadimov anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha mazulia.

Aliajiriwa kama fundi umeme. Kompyuta zilipofika, mkurugenzi aliuliza nani atazishughulikia. Velko alikuwa ametoka kuvuta sigara, kwa hiyo hakuweza kukataa.

Hatukununua kompyuta nzima kama ya zamani ingeweza kubadilishwa viungo vya ndani. Sisi ni watu wa Gabrovo, tunaosifika Bulgaria nzima kwa ubahili, tunaokata paka mkia ili mlango ufungwe upesi nyuma yake wakati wa baridi, joto lisitoke.

Ubahili huo ulitutokea puani. Velko alileta prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, kwa ajili ya kompyuta ya mchoraji wetu wa mazulia, Stanimir, mume wangu. Ilikaa kwenye soketi, kitako chake ndani ya kompyuta, vizuri kabisa. Kabla haijawashwa, Stanimir alikwisha kwenda kwa jirani kubadilishana prosesa ya zamani na chupa ya asali. Kumbe ubao mama, ule mkubwa unaobeba viungo vyote, haukuitambua prosesa mpya mpaka programu yake ya kuwashia isasishwe, na kuisasisha kulihitaji ile ya zamani.

"Bwana wee, umemzika babu kabla mjukuu hajajua kusema!" Velko alimfokea. "Nenda kaichukue!"

"Na asali? Tumeshaila nusu."

"Basi rudisha chupa na aibu yako!"

Prosesa ilirudi, kompyuta ikawaka, na tangu siku hiyo Velko hafungui kompyuta kabla ya kukagua soketi, toleo la programu ya kuwashia, aina ya RAM, nguvu ya pawasaplai inayoilisha umeme, na kama ubao utaenea kwenye kasha. Na cha zamani kinabaki mezani mpaka kipya kiwake.

Stanimir alifariki Februari mwaka huu. Mwezi Mei kompyuta yake ilianza kujizima kila ilipopata joto, na ndani yake mlikuwa na zulia ambalo hakuwahi kumaliza kulichora. Nilimwomba Velko abadilishe ubao na prosesa. Alikagua, akaja ofisini kwangu, akakaa bila kuvua kofia.

"Shemeji, itawaka. Lakini ubao mpya hauna pa kuchomeka ile kadi inayozungumza na mtambo wa kufumia. Nimetafuta wenye nafasi hiyo mpaka mjini Sofia. Michoro yake utaiona kwenye skrini, ila kuifuma, basi tena."

"Sasa tufanyeje?"

"Tulifume hilo kwanza. Kesho asubuhi, kabla joto halijapanda."

Tulilifuma. Velko aliipepea kompyuta kwa gazeti kama mgonjwa. Zulia liliishia pale mkono wa Stanimir ulipoishia, katikati ya ua moja la nakshi, na baada ya hapo ni nyuzi tupu. Ndipo Velko akabadilisha ubao. Kompyuta iliwaka kwa jaribio la kwanza, na hakuna aliyepiga makofi.

Natamani Stanimir angekuwepo leo amtanie rafiki yake. Zulia lake liko ukutani kwangu, na mtambo ule umefunikwa turubai.

Mzee Velko, asante. Ukitoka leo nitamwaga maji kizingitini, kama ilivyo desturi yetu ya kuaga, njia yako iwe nyepesi kama maji yatiririkayo. Mezani pako kuna prosesa ya zamani ya Stanimir, ile aliyoibadilisha kwa asali, na kando yake chupa ya asali ambayo haijaguswa. Uishi kwa afya na utulivu.

Siku ukiifungua chupa hiyo, utukumbuke, mimi na yeye.

Rumyana Boneva
Ofisi ya mauzo